Desemba watu wanakuja Mwanza, wewe unatoka

Swali: Habari za kazi, kaka. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Igoma, Mwanza. Mdogo wangu anaolewa Dar tarehe 19 Desemba mwaka huu wa 2026. Natakiwa niende na mama, ana miaka 71 na mgongo haumruhusu kukaa kwenye basi, pamoja na wanangu wawili: mmoja ana miaka 7, mwingine anatimiza miaka 2 tarehe 28 Desemba. Nimepanga kurudi tarehe 30. Bei ninazoziona kwenye simu zinabadilika kila nikitazama. Mwenzangu wa ofisini ananiambia nisubiri Jumanne usiku wa manane, tena nifute kumbukumbu za simu kwanza. Halafu mwakani, tarehe 15 hadi 26 Machi, nina mafunzo Istanbul. Nauli najilipia mwenyewe, nitarudishiwa sehemu tu. Jirani anasema nipande basi hadi Nairobi nikapandie ndege huko, eti ni nafuu kuliko Dar. Nifanyeje nisiumie?

Jibu: Salama kabisa, Mwalimu, na hongereni kwa harusi. Nianze na habari njema, maana nahisi huyo mwenzako amekutia hofu bure. Kwa safari ya Desemba wewe uko upande wa wenye bahati.

Mwezi huo Dar inahama. Wasukuma, Wahaya, Wajita, Wakerewe, Wakurya, kila mwenye kaburi la babu huku Kanda ya Ziwa anatafuta njia ya kuja kula Krismasi nyumbani. Nenda Nyegezi tarehe 22 uone mabasi yanavyoshusha. Angani ni hivyo hivyo. Ndege inatoka Dar imefurika, inashusha Mwanza, inageuza na watu wa kuhesabu, kwa sababu nani anakwenda Dar wakati Dar yenyewe inakuja kwetu? Nilikaa kaunta ya tiketi miaka 12 na sikumbuki Desemba iliyokwenda tofauti. Mwaka mpya ukishapita mkondo unageuka: wale wale wanarudi kazini, shule zinafunguliwa, na kiti cha kutoka Mwanza kwenda Dar ndicho kinachogombewa.

Sasa wewe, ukitoka Mwanza kati ya tarehe 14 na 17 na kurudi Krismasi ikishapita, unakwenda kinyume na umati mara zote mbili. Balaa lingekuwa kurudi tarehe 21, 22 au 23, mara tu harusi inapoisha. Watu wengi hufanya hivyo kwa kuona aibu kukaa kwa wenyeji muda mrefu, na aibu hiyo huilipia kaunta. Tarehe 30 si mbaya. Ila naomba uisogeze nyuma, na sababu ni huyo mtoto wako mdogo.

Mtoto ambaye hajatimiza miaka 2 hupakatwa, na mashirika mengi humtoza kama asilimia 10 ya nauli ya mkubwa. Akishatimiza, ni abiria mwenye kiti chake. Wengine watampunguzia kidogo, wengine hawatampunguzia hata senti. Umri unaohesabiwa ni wa siku ya kupanda ndege, si wa siku ya kukata tiketi, na kwenda na kurudi kila kimoja kinahesabiwa peke yake. Ukirudi tarehe 30 mwanao atakuwa na miaka 2 na siku 2. Ukirudi tarehe 26 au 27 unampakata. Hizo siku chache zina thamani ya kiti kizima, na hakuna ujanja wa simu utakaokuokolea fedha kiasi hicho. Beba cheti chake cha kuzaliwa, maana kaunta wanaweza kukiomba, hasa mtoto akiwa mnene.

Tuje kwenye bei zinazobadilika. Watu hudhani daraja la kawaida lina bei moja. Halina. Chukua ndege ya viti 76. Kompyuta ya shirika huvigawa mafungu kama mama wa Mwaloni anavyogawa dagaa, tofauti ni kwamba mafungu ya mama yana bei moja na ya kompyuta hayana. Fungu la kwanza, tuseme viti 8, ni la bei ya chini kabisa. Likiisha linafunguka la pili, juu kidogo, kisha la tatu, hadi la mwisho ambalo linaweza kuwa mara mbili au tatu ya lile la kwanza. Kila fungu lina herufi yake. Tafuta tiketi yoyote ya zamani utaiona herufi hiyo karibu na namba ya ndege. Ndiyo maana abiria wawili hukaa bega kwa bega, wakanywa soda ile ile, na mmoja akawa amelipa mara mbili ya mwenzake.

Kwa hiyo bei ikipanda kati ya asubuhi na jioni, mara nyingi hakuna aliyekuchungulia kwenye simu. Kuna mtu Buzuruga kanunua kiti cha mwisho cha fungu ulilokuwa unalitazama. Na ikishuka, huenda kuna aliyeshika nafasi bila kulipia, muda wake ukaisha, kiti kikarudi sokoni. Wewe ukawa umetoka kufuta kumbukumbu za simu dakika hiyo hiyo, ukadhani dawa imefanya kazi. Kama bado una wasiwasi, azima simu ya jirani, tafuta safari ile ile kwa tarehe zile zile. Utaona bei ile ile.

Hiyo Jumanne ya usiku wa manane ina asili yake. Zamani mashirika ya Marekani yalikuwa na tabia ya kutangaza punguzo mwanzoni mwa wiki na washindani wao kulifuata siku inayofuata. Leo bei hupangwa na kompyuta saa zote, na njia yetu ya Mwanza haikuwahi kuhusika na mchezo ule. Siku yenye maana ni ya kusafiri, siyo ya kununua. Jumanne, Jumatano na Jumamosi mchana mara nyingi huwa na nafasi kuliko Ijumaa jioni, Jumapili jioni na Jumatatu asubuhi, ambazo ni za maofisa na wafanyabiashara.

Kuna wanaosubiri siku ya mwisho wakiamini bei itaporomoka, kama nyanya za Soko Kuu jua likizama. Ndege siyo nyanya. Anayenunua siku ya mwisho ni mfiwa, au mtumishi aliyeitwa kikao Dodoma jana usiku, na shirika linajua hao watalipa tu. Viti vya mwisho huwekewa watu hao makusudi. Kwa njia ya ndani mimi huwaambia wateja wangu wanunue wiki 6 hadi 8 kabla, na kwa Desemba nasogeza hadi mwanzoni mwa Oktoba. Sasa tuko Septemba, una muda wa kutazama wiki mbili tatu ukaijua bei, kisha ukanunua. Ukishanunua usitazame tena, utaumia bure.

Kitu kimoja ambacho nadhani hujakijaribu. Ukiandika abiria wote kwa pamoja, mfumo hutafuta fungu lenye viti vya kuwatosha wote. Kama fungu la chini limebaki na viti 2 na ninyi mnahitaji 3, hautakupa 2 vya bei ya chini na 1 cha juu. Utawapandisha wote watatu. Kwa hiyo tafuta kwanza kwa mtu mmoja, uone bei. Kisha wawili. Kisha watatu pamoja na wa kupakatwa. Bei ikiruka ukifika watatu, gawa: wewe na watoto wote wawili kwenye tiketi za pamoja, maana mtoto hawezi kukatiwa bila mkubwa, na mama peke yake. Halafu piga simu kwa shirika uwaombe waziunganishe nafasi hizo mbili ili mkae pamoja. Katika simu hiyo hiyo omba kiti cha magurudumu kwa ajili ya mama. Hakilipiwi, na atavushwa hadi mlangoni mwa ndege bila kusimama foleni. Wazee wengi hukataa wakidhani wanaitwa wagonjwa; mwambie ni kwa ajili ya mgongo.

Njia ya Mwanza na Dar ina Air Tanzania na Precision Air, na kwa safari za ndani bei huhesabiwa kila upande kivyake. Hakuna ulazima wa kwenda na kurudi na shirika moja. Tazama kwenye tovuti ya kila mmoja, kwa sababu injini kubwa za kutafutia, Google Flights na Skyscanner, hazina kila kitu cha ndege zetu za ndani.

Kuna kizazi cha Mwanza ambacho bado kinatafuta bei ya Fastjet. Walipoanza njia ya Dar na Mwanza Novemba 2012 walitangaza nauli kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi na tozo, na watu ambao hawakuwahi kuota kupanda ndege wakapanda. Nawaelewa. Lakini hata wakati ule viti vya 32,000 vilikuwa fungu dogo la kwanza, na begi la chini lililipiwa pembeni. Tazama siku zote bei ya mwisho, pale kwenye kitufe cha kulipa, siyo iliyoandikwa kwa herufi kubwa mwanzoni.

Na mzigo. Najua mnakwenda harusini, kwa hiyo kuna vitenge, kuna sufuria, na kuna mtu ameshaagiza sato. Soma kilo zilizoandikwa kwenye tiketi, pima begi nyumbani, na kinachozidi kitumeni kwa basi kama kifurushi siku mbili kabla. Kilo za ziada za kaunta zimewahi kula punguzo lote ambalo mtu alilihangaikia mwezi mzima. Samaki nao ulizia mapema wanavyotaka wafungwe, usije ukaachana nao mbele ya mizani.

Sasa Istanbul. Hapa jirani yako hajakosea sana, ila amehesabu nusu ya hesabu.

Ni kweli Nairobi ina mashirika mengi kuliko Dar, na wanaogombania abiria hushusha bei. Lakini hesabu lazima ianzie mlangoni kwako Igoma, siyo Nairobi. Tuseme tiketi ya Nairobi ni pungufu ya ile ya Dar kwa shilingi 350,000. Kufika Nairobi ni basi la kupitia Sirari, usiku mzima barabarani, chakula, teksi, na kwa usalama chumba cha usiku mmoja kabla ya ndege. Na kurudi tena hivyo hivyo. Upande wa pili weka ndege au basi la kwenda Dar, na huko unaye mdogo wako wa kukulaza. Andika safu mbili kwenye daftari, ujumlishe. Nimeona hesabu hiyo ikiipa Nairobi ushindi kwa kijana mwenye begi moja la mgongoni. Kwa mwalimu anayerudi na mizigo ya Istanbul, maana utanunua tu, kwa kawaida Dar hushinda. Entebbe nayo ipo, na tangu daraja la Kigongo na Busisi lifunguliwe Juni 2025 basi la Bukoba halisubiri kivuko, lakini bado ni Mutukula, Kampala, halafu Entebbe. Iache. Ukichagua njia yoyote ya mpakani, uwe na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, na tangu 2016 ni ya maisha, kwa hiyo usikubali kuuziwa ya kuhuisha.

Kutoka Dar una Turkish Airlines moja kwa moja, na una wale wa kuunganisha: Ethiopian kupitia Addis Ababa, Emirates na flydubai kupitia Dubai, Qatar kupitia Doha. Anayekwenda moja kwa moja huwa ghali kidogo, wa kuunganisha unamlipa kwa muda wako. Tofauti na ndege za ndani, huku tafuta tiketi ya kwenda na kurudi kwa pamoja. Ya kwenda tu mara nyingi haipungui sana, na nimeona ya kwenda tu ikizidi ile ya kwenda na kurudi. Ila kumbuka, usipopanda kipande cha kwanza, shirika hufuta vyote vilivyobaki. Huwezi kuamua kwenda kwa njia nyingine halafu ukatumia kurudi peke yake.

Tazama na kalenda. Idi-el-Fitri ya 2027 itaangukia karibu na tarehe 10 Machi, kutegemea mwezi, kwa hiyo wikendi ya 13 na 14 Waturuki walio likizo watakuwa wanarudi makwao. Pasaka ni tarehe 28, siku mbili baada ya mafunzo yako kuisha, na watalii wa Zanzibar watakuwa wanakuja upande wetu. Safari zako zote mbili zimeangukia pabaya, hapa huna bahati ya Desemba. Linganisha kufika tarehe 11 au 12, na kuondoka tarehe 29 au 30. Kama usiku wa ziada Istanbul ni rahisi kuliko tofauti ya tiketi, lala. Usilipe chochote kisichorudishwa kabla ya viza kutoka: omba wakala akushikie nafasi, umpelekee ubalozi karatasi hiyo, ulipe baadaye.

Kipande cha Mwanza hadi Dar ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi. Ukikikata peke yake na cha Istanbul peke yake, hizo ni tiketi mbili ambazo hazijuani. Ya kwanza ikichelewa, ya pili haina habari wala msamaha. Mimi mwenyewe, niliyekuwa nikiwafundisha wengine, niliwahi kukata ya ndani ya asubuhi na ya nje ya saa 10 alasiri siku hiyo hiyo. Ya asubuhi ikaahirishwa hadi mchana. Nilifika Dar nikakimbia na begi kutoka jengo la ndege za ndani hadi jengo la tatu, nikakuta kaunta imefungwa na mtu anafungua tai yake aende nyumbani. Tiketi yote ikapotea, na nafuu niliyoipata kwa kuzitenganisha ilikuwa kama shilingi 60,000. Kwa hiyo ama umwambie wakala atafute tiketi moja inayoanzia Mwanza, ambapo kuchelewa ni mzigo wao, au ulale Dar usiku mmoja.

Tukiwa hapo kwenye saa: tiketi huandikwa kwa saa za kimataifa, na sisi tunahesabu kwa jua. 07:10 ni saa 1 na dakika 10 asubuhi, hilo wengi wanalijua. Kinachowaangusha ni ndege za usiku wa manane, na Dar zipo nyingi. Tiketi ikisema tarehe 12 saa 03:40, maana yake uende uwanjani usiku wa tarehe 11. Kwetu usiku huo bado ni wa tarehe 11, na kila mwaka nilikuwa napokea mtu mmoja au wawili waliofika uwanjani saa 24 baada ya ndege yao kuondoka, wamevaa vizuri.

Utapata pia watu wa WhatsApp wenye tiketi za nusu bei. Ukitumiwa zile herufi na namba sita za nafasi, ujue hizo pekee hazithibitishi malipo. Mtu anaweza kushika nafasi bure, akakutumia, akala fedha yako, na baada ya siku nafasi ikajifuta. Dai namba ya tiketi. Ina tarakimu 13, na 3 za mwanzo ni za shirika: Ethiopian ni 071, Emirates ni 176. Iingize kwenye tovuti ya shirika lenyewe. Ikionekana imelipiwa, sawa. Kwa tiketi ya nje mimi hutafutia kwenye hizo injini kubwa lakini hununua kwa shirika lenyewe, au kwa wakala ambaye ofisi yake naijua ilipo mjini, hata akinizidishia kidogo. Ndege ikifutwa saa 8 usiku, tovuti ya nchi za mbali itakuambia uongee na shirika, na shirika litakuambia uongee na tovuti.

Anza na ya Desemba wiki hii, Mwalimu: tafuta Mwanza kwenda Dar tarehe 15 na 16, kurudi 26 na 27, kwa mtu mmoja kwanza. Jina la mama liandike kama lilivyo kwenye kitambulisho chake cha NIDA, herufi kwa herufi, siyo kama mnavyomwita nyumbani.